Jani Jeupe, Dirisha Jeusi: Infraredi na Magofu ya Majumba ya Ireland



Mwaka 1984 bendi ya U2 ilitoa albamu ya The Unforgettable Fire. Kwenye jalada kuna gofu la kasri lililovamiwa na mmea mtambaa, na wanabendi wanne wamesimama mbele yake. Picha ni ya Anton Corbijn. Lakini gofu hilohilo, kwa pembe hiyohiyo, lilikuwa limeshapamba jalada la kitabu cha Simon Marsden cha mwaka 1980 kuhusu majumba ya Ireland yaliyokuwa makubwa zamani, na bendi ikamlipa Marsden fidia. Ya hakimiliki tuwaachie wanasheria. Mimi nimekuja na swali la ufundi: Marsden, bingwa wa filamu ya infraredi, alituonyesha nini, na filamu yake ilificha nini?

Wengi hudhani infraredi ya kamera zetu inaona joto. La. Kamera za joto hutumia mawimbi marefu zaidi, takriban mara kumi. Sisi tunanasa mwanga ulio nje kidogo tu ya wekundu, nanomita 700 hadi 900 hivi. Klorofili humeza mwanga mwekundu tunaouona, lakini infraredi huiachia ipite. Ikishaingia ndani ya jani, kwenye seli zilizoachana na kujaa hewa katikati, hupigwa huku na huku hadi karibu nusu yake ikarudi nje. Ndiyo sababu jani bichi hutoka jeupe pe. Robert W. Wood alionyesha mandhari za aina hiyo tangu 1910. Jiwe nalo hubaki na rangi yake ya kijivu, halina makuu. Kwa hiyo anayedhani anapiga picha ya ukuta, kwa kweli anapiga picha ya mmea unaoutafuna ukuta huo.

Sasa tazameni madirisha, maana hapa ndipo penye mambo. Nyumba isiyo na paa, ukiipiga kwa filamu ya kawaida mchana, anga huonekana kupitia matundu ya madirisha, na matundu hayo hutoka meupe. Mtazamaji anajua papo hapo kwamba nyuma hakuna kitu. Kwa infraredi, siku ya jua kali, anga la buluu huwa jeusi, kwani hewa haiitawanyi infraredi kama inavyotawanya buluu. Basi matundu yaleyale yanakuwa meusi, yamezungukwa na majani meupe, na unaapa kwamba bado kuna vyumba vyenye giza ndani, labda na mtu amesimama. Uongo mtamu! Likija wingu, na Ireland mawingu hayakosi, anga hurudi kuwa jeupe na nyumba inakuwa tupu tena. Anayesubiri jua anachagua pia hadithi atakayoisimulia.

Filamu ya infraredi ya Kodak HIE ilizidisha utamu huo. Haikuwa na tabaka la kuzuia mwanga usirudi, hivyo mwanga ulipenya, ukagonga bamba la nyuma ya kamera, ukarejea na kuyazungushia majani ukungu unaong'aa. Wengi waliuita roho ya mahali. Uzalishaji wake ulikoma 2007, na programu nyingi leo zinauigiza ukungu huo, mara nyingi kwa kupitiliza.

Gofu la majalada yale mawili linaitwa Moydrum, karibu na Athlone. Lilikuwa makazi ya Baroni Castlemaine. Halikuanguka kwa uzee. Lilichomwa na wapiganaji wa IRA, waliodai uhuru wa Ireland kutoka Uingereza, Julai 1921, siku chache kabla ya mapigano kusimamishwa tarehe 11, kulipiza nyumba za wanavijiji zilizochomwa na askari wa Uingereza. Kati ya 1920 na 1923 majumba ya namna hiyo zaidi ya 200 yaliteketezwa nchini humo. Nani alimiliki ardhi, nani aliilima, nani alikuja usiku na petroli: hayo yote jani jeupe linayafunika. Marsden simlaumu, alitafuta mizuka na hakuficha. Tatizo ni sisi tunaojiita wanahabari wa picha kuazima mizuka yake.

Napendekeza utaratibu huu. Kamera ya dijitali ina kioo kinachozuia infraredi mbele ya sensa. Fundi akikiondoa, utapiga kwa mkono bila tripodi. Asiyetaka kuifungua kamera afunge filta ya nanomita 720 na avumilie sekunde kadhaa, huku upepo ukiyavuruga majani. Kabla ya kufunga filta, pigeni fremu moja ya kawaida kutoka palepale, bila kusogeza tripodi. Fremu hizo mbili zichapishwe pamoja, kwa ukubwa uleule, na chini yake uandikwe mwaka nyumba ilipoacha kukaliwa na sababu yake. Mhariri akisema nafasi haitoshi, basi ya infraredi ndiyo ipunguzwe.