Kufufua Land Rover ya Dizeli: Kipimo Kwanza, Kipuri Baadaye



Historia ya sharika nyingi za Afrika Mashariki haiwezi kusimuliwa bila kutaja gari. Mwinjilisti alitembea kwa miguu, baadaye akapanda baiskeli. Lakini mgonjwa mahututi, mabati ya kuezekea na magunia ya mavuno vilingojea Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1948. Mwaka 1957 lilipata injini ya dizeli, na mwaka 1961 ikafuata injini ya silinda nne yenye sentimita za ujazo 2,286. Baadhi ya magari hayo yangali yamesimama chini ya miti, yakingoja uamuzi: yauzwe kama chuma chakavu au yafufuliwe?

Uamuzi huo huanzia chini ya gari. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, haishiki kutu kama chuma. Chesisi ni ya chuma, nayo huoza kimya kimya. Gari laweza kupendeza kwa macho ilhali mahali springi zinaposhikiliwa pamekwisha kuliwa. Chesisi ikiwa imeoza hivyo, hapana faida kugusa injini kabla ya kuitengeneza.

Ikumbukwe pia kwamba dizeli haiwashwi kwa cheche. Katika injini hiyo hewa hubanwa hadi sehemu moja ya ishirini na tatu ya ujazo wake, ikapata joto la kuwasha mafuta. Ringi na silinda zikilika, hewa huvuja, na asubuhi ya baridi gari hukataa kuwaka. Wengi hukimbilia kununua betri au pampu, kumbe ugonjwa umo ndani ya silinda. Kwa hiyo fundi mwaminifu hupima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kushusha injini.

Injini ikishafumuliwa, kila pistoni na kila kifuniko cha metali za krenkshafti hutiwa alama, kwa kuwa kila kimoja kina mahali pake. Silinda hupimwa juu, katikati na chini. Ikiwa imepoteza uduara, ringi mpya peke yake hazitaiponya. Sharti ichongwe na kupewa pistoni za saizi kubwa zaidi. Krenkshafti nayo hupimwa. Ikisagwa, metali zake hulinganishwa na saizi mpya. Noseli hupelekwa kwenye mashine ya kupimia. Mtu yeyote asiweke mkono mbele ya noseli inapojaribiwa, kwani dizeli yenye msukumo mkubwa hupenya ngozi, na aliyeumia hivyo hupelekwa hospitali mara moja, hata kama jeraha ni dogo kama la sindano.

Injini ikipata nguvu, gari hupata mwendo. Na mwendo juu ya springi mbovu huhatarisha abiria. Springi za magari hayo ni majani ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jingine. Jani lililopasuka hubadilishwa, na bushi zilizolika hutolewa. Springi ya upande wa dereva na ya upande wa abiria hazina mkunjo ule ule. Zikibadilishana mahali, gari husimama limeinama. Aidha, bolti za bushi za mpira hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa limeinuliwa kwa jeki, mpira hukaa umejipinda na huchanika mapema. Baada ya safari za kwanza, bolti zinazofunga springi kwenye ekseli hukazwa tena.

Kazi hii yote huhitaji subira, usafi na daftari la vipimo. Ni vema kijana asimame karibu na fundi mzee, ashike kipimo mwenyewe na aandike anachokiona. Wazee wenye ujuzi huo wanapungua, na gari lililofufuliwa bila mrithi wa ujuzi litasimama tena chini ya mti ule ule.