Siki ya Ndizi Nyumbani

Mkungu mzima ukiivia kwa mpigo, ndizi usizitupe. Tengeneza siki.

Menya zilizoiva sana, ponda, changanya na maji yaliyochemshwa yakapoa, tia sukari na hamira kidogo. Funika bila kukaza, gesi ipate kutoka. Baada ya wiki moja au mbili, povu likitulia, chuja. Hapo una pombe tu, na najua wapo watakaoishia hapo!

Kinachogeuza ulevi kuwa uchachu ni bakteria wanaotaka hewa; Louis Pasteur wa Ufaransa alilieleza hilo miaka ya 1860. Basi mimina kwenye mtungi au chupa ya mdomo mpana, ufunike kwa kitambaa safi kuzuia inzi wadogo. Sufuria ya alumini hapana, siki huila. Ukiwa na siki mbichi, ongeza kidogo iwe mbegu. Utando laini ukielea juu, usiogope, huyo ndiye mama wa siki. Lakini ukungu wenye manyoya ukiota, mwaga yote.

Onja baada ya mwezi mmoja au miwili. Ukitaka kuuza, waone SIDO, shirika la viwanda vidogo, kisha TBS, shirika la viwango. Kwa achari ya kuhifadhi, usitumie siki hii kabla haijapimwa ukali wake.