KOMPYUTA INAYOPIMA NYONGA KABLA YA KISU



Leo tuongee juu ya nyonga. Wako wazee wetu ambao hawaendi tena shamba wala sokoni kwa sababu nyonga inauma, na sisi tunasema, "Ni uzee tu." Lakini nyonga iliyolika inaweza kubadilishwa.

Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo, na kinazunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Utando laini wa katikati ukiisha, mfupa unasugua mfupa. Mwaka wa 1962, huko Uingereza, Dkt. John Charnley wa hospitali ya Wrightington alianza kuweka kichwa cha chuma na kikombe cha plastiki ambavyo vilidumu.

Sasa shida iko wapi? Iko katika kuweka kikombe. Kikiinama vibaya, mgonjwa akikaa chini, shingo ya chuma inagonga ukingo na kichwa kinachomoka. Hapo ni maumivu makali, na pengine kupasuliwa tena. Fundi wa nguo hakushonei suruali kwa kipimo cha jirani, sivyo? Na nyonga ni hivyo hivyo.

Katika miaka ya 1990, huko Pittsburgh, Marekani, Dkt. Anthony DiGioia na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitengeneza programu iitwayo HipNav. Ilifanya kazi hivi:

1. Mgonjwa alipigwa picha za CT, zinazoonyesha mifupa vipande vipande kama mkate uliokatwa.

2. Kompyuta iliunganisha picha hizo, ikapatikana sura kamili ya nyonga yake yeye mwenyewe.

3. Daktari alijaribu kikombe katika sura hiyo. Kompyuta ilikunja mguu na kuonyesha mahali chuma kitagonga.

4. Wakati wa upasuaji, kamera zilifuatilia kiuno na vifaa, maana kiuno husogea mezani na jicho likadanganyika.

Siku hizi ziko programu nyingi za namna hii. Je, sisi tushike nini?

Kwanza, kompyuta haijui unavyoishi. Mwambie daktari wazi: mimi nakaa kwenye kigoda, natumia choo cha shimo cha kuchuchumaa, napanda mlima na mtungi. Habari hizo zinamsaidia kupanga, na yeye atakuambia ni nini usifanye tena.

Pili, usiuze ng'ombe ili kutafuta mashine. Madaktari wengi hupanga vizuri kwa picha ya eksirei ya kawaida, wakipima saizi juu yake. La maana ni kupima kabla ya kukata.

Tatu, uliza bila haya: "Daktari, umenipima vipi? Mguu utakuwa sawa na mwenzake? Nitakaaje nikirudi nyumbani?" Kama mzee anaona haya, kijana wa nyumba amsindikize na amwulizie.