Tunakutana Wapi?



Hapa Muthangari taa za mji zimezidi, na usiku twaona nyota chache. Hata hivyo, iko nyota yenye jina lililotoka Kenya. Mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikubali majina ya Kimaasai: nyota ikaitwa Orkaria, yaani udongo mwekundu, na sayari yake Enaiposha, yaani maji mengi. Ndilo neno lililotupa jina la Naivasha.

Karibu na Orkaria haijaonekana sayari ya pili. Lakini ziko nyota zenye sayari zilizosongamana kama nyumba za kupanga. TRAPPIST-1, iliyo umbali wa miaka ya nuru 40 hivi, ina sayari saba, zote karibu na nyota yao kuliko Zebaki ilivyo karibu na jua letu. Kila moja huvuta jirani yake. Mwaka 2017 baadhi ya hesabu za kompyuta zilionyesha zikivurugana kabla ya miaka milioni moja kupita. Lakini nyota hiyo ina umri wa mabilioni ya miaka! Zimesalimikaje?

Mizunguko yao inalingana. Sayari ya nne ikizunguka mara tatu, ya tano huzunguka karibu mara mbili. Basi hukutana kwa zamu, na mvuto wa mkutano mmoja hurekebishwa na wa mwingine.

Lakini tusidhani kwamba zamu peke yake inatosha. Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna mawe mengi yanayozunguka jua. Pale ambapo jiwe lingezunguka mara tatu huku Mshtarii ikizunguka mara moja, panakaribia kuwa patupu. Mvuto wa kurudia-rudia uliyatoa mawe katika njia yao. Kukutana kwa zamu hulinda, na pia hubomoa.

Sisi wenyewe tumeyaona hayo. Mwaka mmoja tulikutana na mzee fulani wa kanisa penye fedha tu. Kila mwezi kikao cha hesabu, kila mwezi maneno makali. Hatukukosa kikao hata kimoja, na kila kikao kilitutenga zaidi. Kisha mama yake akalazwa hospitali. Tulikwenda pamoja, tukaketi kando ya kitanda, fedha haikutajwa. Vikao havikwisha, wala hatukukubaliana kwa yote. Lakini tulikuwa tumepata mahali pengine pa kukutana, na ushirika wetu ukasimama.

Ndugu msikilizaji, wewe na mkeo, wewe na ndugu yako mliyerithi naye shamba, mnakutana wapi? Kama ni penye madai tu, usingoje kikao kijacho. Mwendee leo bila dai lo lote, mnywe chai.

Tuombe. Ee Bwana, uliyezipa nyota njia zake, tuonyeshe mahali pema pa kukutana na wenzetu. Amina.