Kijana Akirudi Kutoka Mafunzo ya Jeshi
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Lodwar na Kakuma



Jeshi likija kuandikisha, vijana wetu hujaa uwanjani. Wanaochaguliwa hupelekwa Eldoret, kwenye shule ya makuruta. Wengine hubaki hapa na kupewa bunduki kama polisi wa akiba. Leo tuongee juu ya yale yanayotokea ndani yao, maana sisi ndio tunaowapokea wakirudi.

Kwanza mwili. Kijana ametoka kwenye joto la Lodwar, amefika mahali pa baridi palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Anaamshwa usiku, anakimbizwa, anapigiwa kelele. Mwili wake unafanya kama umeona simba: moyo unaenda mbio, sukari inaongezeka katika damu ili misuli ipate nguvu, tumbo linaacha kusaga chakula vizuri. Huo si uoga. Ndiyo nguvu inayomwokoa mchungaji akisikia risasi. Taabu ni pale hali hiyo isipotulia. Usingizi unakwisha, chakula hakipandi, hata kidonda kinachelewa kupona.

Pili akili. Mwaka 2004, daktari Charles Morgan na wenzake kule Marekani walieleza jinsi walivyowapima wanajeshi zaidi ya 500 waliokuwa wakifundishwa kuvumilia kutekwa. Walihojiwa uso kwa uso, kwa ukali na kwa upole. Baadaye waliulizwa: ni nani aliyekuhoji? Yule aliyewahoji kwa ukali, walio wengi walishindwa kumtambua sawasawa, ingawa walikaa naye zaidi ya nusu saa! Hao walikuwa watu wazima, wenye afya. Basi kijana akisema hakumbuki vizuri, tusimwite mwongo.

Wengi hutulia wakipata mapumziko. Lakini aliyeona vita vyenyewe ana mzigo mkubwa zaidi. Hapa Kakuma, tangu 1992, tumeishi na watu waliokimbia vita vya Sudan, na baadhi yao walishikishwa bunduki wakiwa watoto.

Kikundi kifanye nini?

1. Msimlazimishe kusimulia. Akitaka kusema, asikilizwe bila kuchekwa.

2. Apate usingizi, chakula na kazi pamoja na wenzake, kama kuchimba kisima au kujenga boma.

3. Chang'aa si dawa. Inamlaza upesi, halafu inamwamsha usiku wa manane na hofu ile ile.

4. Akikosa usingizi, akishtuka ovyo au kuwa na hasira kali kwa zaidi ya mwezi mmoja, mpelekeni hospitali. Akisema amechoka kuishi, msingoje hata kesho. Asiachwe peke yake, na bunduki iwekwe mbali naye.

Katika mkutano wenu ujao, kabla ya kuhesabu michango, ulizaneni: nani kati yetu ana kijana aliyerudi? Nani atakwenda kumtembelea wiki hii? Andikeni majina ya watakaokwenda, na wiki ijayo watoe habari.