Pumzi Haitupwi

Juma hili mnisamehe, maana sina neno la siasa wala la bei ya unga. Nataka kuwasimulia jinsi nilivyorudi shule na mvi zangu kichwani, tena shule ya kupumua.

Kwanza niwaondoe wasiwasi. Nikisema mimi ni mzamiaji, sina maana kwamba nilijificha ndani ya meli ya mizigo nikaibukia Ugiriki, kama walivyofanya baadhi ya vijana wa bandarini. Mimi huzamia na mtungi wa hewa mgongoni, kutazama samaki. Nimefanya hivyo miaka 14, na nilikwisha jiona fundi. Ndipo rafiki akaniambia kuwa kuna mwalimu amefika Mafia na mashine mbili za aina inayoitwa ribritha, naye anafundisha watu katika ghuba ya Chole. Nikafunga safari.

Mtungi tuliouzoea ni chombo cha israfu. Hewa tunayovuta ina oksijeni sehemu 21 katika mia. Mwili huchukua nne au tano tu, na zilizobaki tunazitoa mdomoni zikapanda juu kuwa mapovu. Ni kama mtu anunue mkate, ale kona moja, uliobaki awatupie kuku. Tena ukishuka meta 10 unatumia hewa mara mbili ya ile ya juu. Meta 20, mara tatu.

Ribritha haitupi kitu. Pumzi unayoitoa hupita katika bomba na kuingia kwenye kopo lenye punje za chokaa, si hii tunayopaka ukutani, ambazo huinasa kaboni dayoksaidi. Kisha vali ndogo inayoendeshwa na kompyuta huongeza oksijeni kiasi kile mwili ulichokula, na pumzi ile ile inakurudia. Mtungi wa oksijeni wenyewe ni wa lita mbili au tatu, nao hutosha kwa saa kadhaa, kwa sababu mwili hauli oksijeni zaidi chini kuliko juu. Na msidhani ni uvumbuzi wa juzi. Mwingereza Henry Fleuss alitengeneza chombo cha namna hii mwaka 1878, na mwaka 1880 mpiga mbizi Alexander Lambert alikivaa akaingia gizani, ndani ya handaki la reli lililofurika maji chini ya mto Severn, akafunga mlango wa chuma. Mtungi wa Cousteau na Gagnan, huu tunaouona wa kawaida, ulikuja mwaka 1943.

Siku ya kwanza tulishuka meta 6 tu. Kilichonishangaza ni ukimya. Miaka yote ile nilidhani bahari ina kelele, kumbe kelele zilikuwa zangu. Safari hii niliwasikia pono wakitafuna matumbawe, kakara kakara, kama mtoto anayekula karanga mbichi. Pono huyu tunayemsingizia usingizi!

Aibu nayo haikuchelewa. Mwenye mtungi wa kawaida akitaka kuinuka kidogo huvuta pumzi ndefu, kifua kikajaa, naye akaelea. Mbele yangu palikuwa na jiwe la matumbawe. Nikavuta pumzi niliruke. Sikuinuka hata inchi moja, maana hewa iliyoingia mapafuni ilitoka kwenye mfuko uliokuwa kifuani pangu, na jumla yake ikabaki ile ile. Nililigonga kwa goti. Kovu ninalo.

Lakini lililonifanya nizungumze nanyi leo lilitokea siku ya pili, nchi kavu, nimekaa kwenye benchi.

Kabla ya kuingia majini mwanafunzi hupewa orodha ya ukaguzi, kisha hukaa na kupumua kwenye mashine dakika tano huku amevaa miwani ili pua isisaidie. Nilipofika kwenye mstari wa mtungi wa oksijeni nilitia alama ya vema bila kugusa kitu. Nilikuwa nimeufungua mwenyewe muda mfupi uliopita, na nilikumbuka vizuri. Nisichokijua ni kwamba nilipokwenda kusuuza miwani, mwalimu aliufunga.

Nikaanza kupumua. Kitaa kilicho karibu na jicho kikawaka chekundu, nami nikasema moyoni kwamba mashine bado inaamka. Upepo ulikuwa mzuri, mitumbwi inapita, nami natafakari chakula cha mchana. Mara mwalimu akaniondoa kile kipande mdomoni.

"Mzee, unajisikiaje?"

"Sijambo kabisa, mwalimu."

"Hebu tazama saa yako."

Ilisoma 0.15. Hewa hii tunayovuta bure ingesoma 0.21, na ikishuka chini ya 0.10 mtu huzimika.

"Ungeendelea, ungejisikia hujambo hivyo hivyo mpaka usijisikie tena," akasema.

Nilimkasirikia mpaka jioni. Mtu na umri wangu kufanyiwa mtihani wa mtego! Usiku, hata hivyo, sikulala kama pono. Nilifahamu kwamba hamu ya kuvuta pumzi haiji kwa sababu oksijeni imepungua. Huja kwa sababu kaboni dayoksaidi imezidi, na chokaa ilikuwa ikiiondoa yote. Mwili ulikuwa umekaa kama mlinzi ambaye kengele yake imekatwa waya. Mtungi wa kawaida ukikaribia kwisha, pumzi inakuwa nzito, nawe unashtuka. Huu hausemi kitu.

Nikawakumbuka vijana wetu wanaozamia kamba na pweza kwa pumzi ya kifuani. Wapo wanaohema harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzama, wakidhani wanajaza hewa. Wanachofanya hasa ni kuifukuza kaboni dayoksaidi, yaani kuikata kengele ile ile. Mtaani kwetu alikuwapo mmoja hodari kuliko wote, na bahari ilipomrudisha tuliambiwa ni shetani wa mwambani. Mimi pia nilikubali, na nilikuwa mtu mzima tayari.

Siku ya tatu niliisoma orodha kwa sauti, kidole juu ya kila vali, mwalimu akicheka. Tukashuka meta 12. Chewa mkubwa alitoka pangoni akaja mpaka karibu na uso wangu, kwa kuwa hapakuwa na mapovu ya kumtisha. Mwalimu anasema alikaa nami kitambo kizuri. Sina la kubisha. Mimi nilimwona kwa jicho moja tu, la pili lilikuwa kwenye saa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.