Tusisubiri Barua ya Daktari

Msikilizaji, kila msimu wa mitihani vyuoni yupo mwanafunzi ambaye wenzake humwita mzembe. Somo analijua, muulize kwa mdomo, atakueleza mpaka uridhike. Mpe karatasi ya saa tatu, muda unaisha angali kwenye swali la pili. Anapata sapu, yaani mtihani wa marudio, mwisho anadisko, yaani anaondolewa chuoni, na hakuna aliyewahi kumuuliza anasomaje.

Huenda ana disleksia: ubongo wake hupata taabu kuunganisha herufi na sauti. Hapa Tanzania hali hii hujificha miaka mingi. Kiswahili huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa, hivyo shule ya msingi mtoto husoma polepole, lakini husoma. Sekondari anakutana na Kiingereza, ambamo herufi nne zilezile, o-u-g-h, hutamkwa hivi katika neno hili na vile katika lile. Watu husema amelegea. Akifika chuo kikuu kurasa zimeongezeka, na aibu imeongezeka nazo.

Vyuo vyetu vinajua kusaidia. Wapo wasioona waliohitimu kwa maandishi ya nukta nundu. Lakini mwenye disleksia, mwenye usonji, au yule ambaye umakini wake hautulii, huambiwa alete barua ya daktari. Aipate wapi? Wataalamu wa kupima hali hizi ni wachache mno, na mtu mzima ndiye hupata shida zaidi kuwafikia.

Nasema msaada uanze kabla ya barua. Mhadhiri atoe maelekezo ya kazi kwa maandishi, asiyatamke mara moja huku anatoka mlangoni. Ukumbi ukibadilishwa, tangazo litoke mapema, kwani kwa mwenye usonji badiliko la ghafla laweza kumvuruga siku nzima. Chumba tulivu na nusu saa ya ziada ya mtihani havihitaji fungu la wizara.

Na wafanyakazi je? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Lakini mhadhiri mwenye usonji hathubutu hata kujitaja, akihofia cheo chake. Anajikaza kutwa nzima afanane na wengine, na jioni hana nguvu ya kuzungumza na wanawe. Wakuu wa idara, muulizeni kila mtumishi, bila kudai cheti cha hospitali: nini kitakurahisishia kazi? Akiomba meza mbali na kelele, mpeni. Akiomba ajenda siku mbili kabla ya kikao, mpeni hiyo pia.